Ziara ya familia katika shamba la mifugo: Mambo ya kuzingatia kabla ya safari

WATOTO wengi waliozaliwa na kulelewa mijini humfahamu simba wa mbuga ya Nairobi kuliko wanavyomfahamu ng'ombe ambaye maziwa yake huyanywa kila asubuhi.

Kwao, maziwa hutoka kwenye pakiti, mayai hutoka kwenye trei ya dukani, na kuku ni kipande kilichokaangwa. Mashambani kwa babu na nyanya, ambako vizazi vilivyotangulia vilijifunza mambo haya bila kufundishwa, siku hizi hutembelewa Krismasi hadi Krismasi, na zipo familia ambazo hazina tena pa kwenda.

Ndiyo sababu ziara ya siku moja katika shamba la mifugo imekuwa njia mojawapo ya kuziba pengo hilo.

Hata hivyo, shamba la mifugo si uwanja wa burudani. Ni mahali pa kazi. Pana mashine, dawa za kupe, wanyama wenye uzani wa zaidi ya nusu tani, na magonjwa yanayoweza kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu au kubebwa na binadamu hadi kwa mnyama.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ziara njema ni ile ambayo mtoto hurejea nyumbani akiwa mzima na mwenye maarifa, naye mfugaji akabaki na mifugo yenye afya ileile iliyokuwa nayo asubuhi. Yote mawili hutegemea maandalizi yanayofanywa kabla ya gari kuwashwa.

Kuchagua shamba

Mashamba yanayoweza kutembelewa nchini ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni vituo vya umma vya mafunzo na utafiti. Vituo vya mafunzo ya kilimo kama vile Waruhiu katika kaunti ya Kiambu na Wambugu mjini Nyeri vilianzishwa ili kuwafundisha wakulima, na huwa na ng'ombe wa maziwa pamoja na mashamba ya maonyesho. Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo, kina mifugo yake. Mjini Naivasha, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, limefuga na kuboresha ng'ombe aina ya Sahiwal kwa miaka mingi. Ziara katika vituo hivi hupangwa mapema kwa barua au simu, na mara nyingi hufaa zaidi familia kadhaa zikiungana.

Aina ya pili ni mashamba makubwa ya kibiashara. Pwani, Kilifi Plantations inajulikana kwa mkonge na ng'ombe wa maziwa. Laikipia, hifadhi ya Ol Pejeta hufuga ng'ombe wa Boran katika ardhi iyo hiyo wanakoishi vifaru, ingawa kutoka Nairobi safari hiyo ni ndefu mno kwa siku moja na huwafaa zaidi wakazi wa Nanyuki na Nyeri.

Aina ya tatu, ambayo husahaulika, ni mfugaji mdogo. Maelfu ya familia za Kiambu, Nyandarua, Meru na Nandi hufuga ng'ombe wawili hadi watano katika zizi nyuma ya nyumba na kuuza maziwa kupitia chama cha ushirika. Chama cha wafugaji wa Githunguri, kilichoanzishwa mwaka wa 1961, ni mfano wa jinsi lita chache za kila boma zinavyoweza kujenga kiwanda. Mtoto aliyeona zizi dogo kama hilo huelewa uchumi wa maziwa kuliko aliyeona jumba la kukamia kwa mashine pekee.

Wale ambao hawajapata mwenyeji wanaweza kuanza na maonyesho ya kilimo ya ASK, yanayofanyika kila mwaka katika miji kadhaa ikiwemo Nakuru, Mombasa, Kisumu na Nairobi. Ifahamike, hata hivyo, kwamba ng'ombe wa maonyesho ameoshwa na kupambwa. Maonyesho humwonyesha mtoto mnyama, lakini hayamwonyeshi kazi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kwenda

Simu moja kabla ya safari huepusha mengi. Mzazi anashauriwa kuuliza yafuatayo:

Je, wageni wanapokelewa siku gani, na ni nani atakayewatembeza? Shamba lisilo na mtu wa kuwaongoza wageni siku hiyo halifai kutembelewa na watoto.

Je, pana maji ya bomba na sabuni karibu na mazizi? Hili si swali la anasa. Iwapo jibu ni la, familia ibebe mtungi wa lita 20 na sabuni yake, au itafute shamba jingine.

Je, kuna ugonjwa wowote wa mifugo uliotangazwa katika eneo hilo? Maafisa wa mifugo wanapoweka karantini, mazizi na masoko ya mifugo hufungwa, na ziara haina budi kuahirishwa bila manung'uniko.

Je, ng'ombe hukamwa saa ngapi? Jibu la swali hili ndilo litakaloamua ratiba ya siku nzima.

Je, kuna mnyama anayekaribia kuzaa au aliyezaa karibuni? Kwa watoto wakubwa hiyo ni bahati, lakini kwa mama mjamzito ni onyo, kama itakavyoelezwa.

Msimu na saa

Likizo ya Aprili huangukia katikati ya mvua za masika, zinazoanza Machi hadi Mei. Barabara nyingi za mashambani huwa tope, na gari dogo linaweza kukwama hatua chache kutoka lango la shamba. Likizo ya Agosti ni kavu zaidi, ila sehemu za Limuru, Kinangop na Molo huwa na baridi kali na ukungu wa asubuhi. Desemba huwa na jua la kutosha pindi mvua za vuli zinapopungua, lakini wafanyakazi wengi huwa likizoni wiki ya Krismasi.

Ng'ombe wa maziwa hukamwa mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri. Familia haiwezi kufika alfajiri bila kulala karibu, hivyo ukamaji wa alasiri ndio wa kulengwa.

Ratiba inayofaa ni kufika saa nne asubuhi, usafishaji wa mazizi unapokuwa umemalizika, kutazama ulishaji na kuku hadi saa sita, kula chakula cha mchana na kupumzika, kisha kushuhudia ukamaji mnamo saa tisa alasiri. Kufikia saa kumi na nusu gari liwe barabarani.

Watoto wa chini ya miaka mitano huchoka baada ya saa mbili tatu. Ni heri kufupisha ziara kuliko kumburuta mtoto anayelia mbele ya ng'ombe wanaokamwa, kwani kelele humshtua ng'ombe, na ng'ombe aliyeshtuka huzuia maziwa. Hasara hiyo humwendea mwenyeji.

Mavazi na mzigo

Kila mtu avae suruali ndefu na gambuti, au viatu vilivyofungwa ambavyo vinaweza kuoshwa. Ndara na viatu vya wazi havifai, kwani kwato moja ya ng'ombe yaweza kuvunja vidole vya mguu wa mtoto.

Mkoba uwe na nguo za kubadilisha, kofia, taulo, sabuni, maji ya kunywa, mifuko ya kutilia viatu vichafu, plasta na dawa ya kuosha vidonda. Chupa ya kunyonyea, vidude vya kutuliza watoto na wanasesere viachwe ndani ya gari, kwa sababu kila kinachoanguka zizini huishia kinywani.

Magonjwa: Njia yenye pande mbili

Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa, kwa kudhani kwamba mnyama anayeonekana mwenye afya hana ugonjwa.

Mwaka wa 2009, watu 93, wengi wao watoto, waliambukizwa bakteria aina ya E. coli O157 baada ya ziara katika shamba moja la wageni katika jimbo la Surrey, Uingereza. Baadhi ya watoto hao waliharibika figo. Bakteria hao huishi matumboni mwa ng'ombe, kondoo na mbuzi bila kuwadhuru, kisha hutoka kwenye samadi na kushika manyoya, nyua na viatu.

Kinga yake ni rahisi: kunawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni kila baada ya kumgusa mnyama, kabla ya kula na baada ya kuvua viatu. Dawa ya kupaka mikononi ni nyongeza tu, haiondoi samadi wala haichukui nafasi ya sabuni. Chakula kiliwe mbali na mazizi, na mtoto anayenyonya vidole aangaliwe kwa karibu.

La pili ni maziwa. Mwenyeji mkarimu anaweza kumkabidhi mgeni kikombe cha maziwa yenye joto kutoka kiweleni. Mgeni ashukuru, kisha aombe yachemshwe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ugonjwa unaoleta homa ya kurudiarudia, jasho jingi na maumivu ya viungo. Dalili hizo hufanana na za malaria na homa ya matumbo, na wagonjwa wengi hutibiwa maradhi wasiyokuwa nayo kwa muda mrefu.

La tatu ni mama wajawazito. Hao wasikaribie kondoo, mbuzi au ng'ombe wanaozaa, wala wasiguse kondo la nyuma, ndama mchanga au nguo zilizotumika katika uzalishaji. Baadhi ya vijidudu vinavyosababisha mimba za wanyama kuharibika vinaweza kuharibu mimba ya binadamu pia.

Nne, homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo ulitambuliwa na wataalamu mwaka wa 1931 kufuatia vifo vya kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na katika mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Huzuka hasa baada ya mvua kubwa na mafuriko. Katika misimu kama hiyo, taarifa za idara ya mifugo zifuatwe kabla ya kupanga ziara yoyote, na mnyama mgonjwa au mzoga usiguswe kamwe.

Upande wa pili wa njia hii ni ule ambao wageni hawaufikirii. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo havimdhuru binadamu, lakini vinaweza kusafiri kwenye nyayo za viatu, nguo na magurudumu ya gari kutoka boma moja hadi jingine. Familia iliyopitia soko la mifugo au zizi la jamaa njiani haifai kuingia katika shamba la pili kwa viatu vilevile.

Vivyo hivyo kwa nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1921 kutokana na visa vilivyoonekana Kenya, na hadi leo haina tiba. Virusi vyake hudumu katika nyama ya nguruwe, ikiwemo soseji na bekoni. Mtoto anayemrushia nguruwe kipande cha soseji kilichosalia anaweza, bila kujua, kumfilisi mfugaji. Kanuni ni moja: mnyama halishwi chochote isipokuwa kile ambacho mwenyeji ametoa kwa mkono wake.

Ndiyo maana mashamba mengi huweka beseni la dawa langoni. Kukanyaga humo si mzaha wala si ushirikina. Ni ukuta wa mwisho wa mfugaji.

Hatari nyingine za shambani

Ng'ombe huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake moja kwa moja. Anayemkaribia kutoka nyuma humshtua na kupigwa teke. Mgeni amwendee kutoka upande wa bega, polepole, akizungumza kwa sauti ya chini.

Fahali hakaribiwi hata akiwa mpole, wala mama nguruwe mwenye watoto. Bata bukini na batamzinga huwafukuza watoto wadogo. Punda hupiga teke na pia huuma. Mbwa wa shamba hawafugwi kuchezewa. Iwapo mtoto ataumwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na apelekwe hospitalini siku iyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi huenda isiwe mnyama. Mashine ya kukatia nyasi hukata vidole kwa kufumba na kufumbua. Josho, kisima, shimo la samadi na tangi la bayogesi ni mahali ambapo mtoto anaweza kuzama au kukosa hewa. Ghala la dawa lisifunguliwe, na trekta lisipandwe likiwa kazini. Ni vyema kila mtu mzima apewe mtoto mmoja au wawili wa kuwajibikia kwa majina, badala ya wote kuachiwa wote.

Mtoto ajifunze nini?

Ziara bila maswali ni matembezi tu. Mzazi anaweza kuandaa orodha fupi ya mambo ya kuchunguza.

Kwanza, ng'ombe hatoi maziwa kwa kuwa ni ng'ombe, bali kwa kuwa amezaa. Hubeba mimba kwa takriban miezi tisa, kama binadamu. Mbuzi hubeba kwa miezi mitano hivi, sungura kwa mwezi mmoja, na nguruwe kwa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21 na la bata kwa siku 28. Watoto hupenda tarakimu hizi na hawazisahau.

Pili, ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huzungushia ulimi nyasi, huzikata, huzimeza, kisha huzirejesha kinywani na kuzicheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na ndivyo anavyoweza kugeuza nyasi ambazo binadamu hawezi kuzila kuwa maziwa.

Tatu, ndama anapozaliwa huhitaji dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, katika saa chache za kwanza, kwa kuwa humpa kinga ambayo hakuzaliwa nayo.

Nne, tofauti za mifugo. Friesian mwenye mabaka meusi na meupe hutoa maziwa mengi lakini hula sana. Jersey ni mdogo na maziwa yake yana mafuta mengi. Boran na Sahiwal huvumilia joto na ukame. Mtoto akiulizwa ni yupi anayefaa Limuru na yupi anayefaa Kajiado, atakuwa ameanza kufikiri kama mfugaji.

Tano, hakuna kinachotupwa. Samadi hurutubisha nyasi za napier, nyasi hulisha ng'ombe, na palipo na tangi la bayogesi, samadi iyo hiyo huchemsha chai ya mgeni.

Swali ambalo wazazi huogopa ni lile la hatima ya ndama dume au kuku aliyeacha kutaga. Yafaa lijibiwe kwa ukweli na kwa lugha inayolingana na umri. Mtoto aliyeelezwa kwa upole kwamba nyama hutoka kwa mnyama aliyelishwa na kutunzwa hujifunza kutoitupa sahanini.

Adabu ya mgeni

Familia isifike mikono mitupu wala isiondoke bila kununua. Kwa mfugaji mdogo, saa tatu za kuwatembeza wageni ni saa tatu za kazi iliyosimama. Iwapo hakuna ada iliyowekwa, ni vyema kukubaliana mapema, au kununua mayai, maziwa au mboga zake kwa bei anayotaja bila kupigania shilingi kumi.

Picha zipigwe kwa idhini. Malango yaachwe yalivyokutwa: lililofungwa lifungwe, lililo wazi libaki wazi. Wafanyakazi wasalimiwe kwa heshima, kwani mkamaji ndiye mwalimu wa siku hiyo.

Barabarani na baada ya kurejea

Magharibi ya Nairobi, ukungu wa Limuru na Kinale na malori ya barabara kuu ya Nakuru ni sababu ya kutosha ya kurejea kabla ya giza. Naivasha ni takriban kilomita 90 kutoka jijini na Nakuru kama 160, umbali ambao kwa foleni za jioni ya Jumapili unaweza kuchukua muda mara mbili ya uliotarajiwa. Kwa mara ya kwanza, shamba la karibu lifikiriwe kabla ya la mbali.

Nyumbani, viatu vioshwe nje kwa sabuni na nguo zifuliwe peke yake. Familia inayofuga kuku au sungura isiingie bandani kwa nguo za safari.

Katika siku kumi zinazofuata, mtoto akiharisha, hasa damu, au akipungukiwa na mkojo, apelekwe kwa daktari mara moja. Homa isiyoisha inaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye. Kwa vyovyote vile, daktari aelezwe wazi kwamba mgonjwa alitembelea shamba la mifugo, kwani maelezo hayo mafupi yanaweza kubadilisha vipimo vitakavyofanywa na kuokoa maisha.

Mfugaji naye apigiwe simu. Iwapo mtoto ameugua, ni haki yake kujua ili awakinge watu wake na wageni wengine. Iwapo wote ni wazima, simu hiyo itakuwa shukrani, na lango litafunguliwa tena likizo ijayo.